MAONI YETU: BUNDUKI, HATI NA HAKI

Ndugu wanachama, tumezoea katika ukurasa huu kunena juu ya mishahara, likizo, nyumba za kazini na vyeo. Leo twaomba ruhusa yenu tunene juu ya jambo jingine, ambalo kwa kulitazama haraka si la makarani wala si la afisi, nalo ni jambo la bunduki. Lakini tukilitazama vema tutaona kuwa ni letu hasa, maana mambo ya bunduki katika nchi yetu ya Tanzania siku hizi yamo katika karatasi, na karatasi ndiyo kazi yetu.

Kila mmoja wetu aendapo kwao likizo huletewa maswali na jamaa zake, kwa sababu yeye ndiye asomaye barua za Serikali. Shangazi huja jioni, akaketi, akasema: "Mwanangu, mjomba wako amefariki, na gobore lake limo darini tangu siku ya mazishi. Tulifanyeje?" Na wengi wetu, kwa kutaka kumaliza maneno, hujibu: "Liacheni hapo hapo, shangazi. Hilo ni la zamani, halina neno." Jibu hili ni jepesi kinywani, walakini laweza kumtia mtu gerezani miaka 20. Hatusemi hivi kwa kutisha watu. Twasema kwa sababu ndivyo sheria ilivyo, na kwa sababu yule aliyejibu vile ni mmoja wetu, mtu mwenye elimu, ambaye jamaa zake humwamini.

Basi kwanza yafaa tujue sheria hizi zimetoka wapi, kwa kuwa asiyejua mwanzo wa jambo hawezi kufahamu mwisho wake. Katika mwaka 1888 Balozi wa Kiingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia bara kila mwaka kwa njia ya pwani yetu ya mashariki. Nyingi zilikuwa bunduki kuukuu zilizotupwa na majeshi ya Ulaya yalipopata mpya, zikauzwa huku kwa pembe, na misafara ya pembe na ya watumwa ikaendelea kwa nguvu zake. Tarehe 2 Julai 1890 Mataifa yakatia sahihi mapatano katika mji wa Brussels. Kwa mapatano hayo, nchi zote za Afrika zilizo kati ya daraja ya 20 kaskazini na daraja ya 22 kusini ya ikweta zilikatazwa kuingiziwa bunduki na baruti, hasa bunduki za namna mpya. Bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa, kwa sharti ziwekwe katika ghala za Serikali na kutolewa kwa hesabu. Bunduki mpya akapewa yule tu aliyeonekana na wakubwa kuwa ni mtu wa kuaminiwa.

Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, nayo ilikuwa sababu njema. Lakini lilikuwako na tokeo la pili, ambalo wazee wetu waliliona kwa macho yao. Watu wa nchi wakabaki na gumegume na gobore, nao waliokuja kutawala wakawa na bunduki za mzinga, kama ilivyodhihirika katika vita vya Majimaji, mwaka 1905 hadi 1907. Hata baada ya vita vikuu vya kwanza, Mkataba wa Shirika la Mataifa wa mwaka 1919, katika kifungu cha 22, uliitaja biashara ya silaha pamoja na biashara ya watumwa na ya vileo kuwa ni mambo ya kuzuiwa katika nchi za udhamini za namna ya Tanganyika. Siku zile mwenyeji hakuwa na haki yoyote juu ya bunduki. Alikuwa na ruhusa tu, na ruhusa ile ilitoka mkononi mwa mtawala, ikarudi mkononi mwake alipopenda.

Si ajabu, basi, kwamba wazee wengi walijifunza kuiona bunduki kama kitu cha kufichwa. Waliona kuwa kila aliyeionyesha aliweza kunyang'anywa, na aliyeificha alibaki nayo. Mazoea hayo yamerithiwa pamoja na magobore yenyewe. Sisi hatuwalaumu wazee kwa hayo, lakini twasema kuwa mazoea yaliyomlinda babu siku zile ndiyo yanayomponza mjukuu siku hizi.

Maana tangu Uhuru sheria zimebadilika, tena zaidi ya mara moja. Katika mwaka 1991 Bunge lilitunga sheria ya silaha na risasi badala ya ile ya zamani. Kisha zikaja taabu za majirani zetu katika Rwanda, Burundi na Kongo, na silaha za vita zikavuka mipaka pamoja na wakimbizi na wahalifu. Kwa sababu hiyo, tarehe 21 Aprili 2004, nchi za Maziwa Makuu na za Pembe ya Afrika zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Kwa Itifaki hiyo nchi hizo ziliahidi kuandika kila silaha katika daftari, kuitia alama, na kuwakataza raia kabisa kumiliki bunduki za kujifyatulia mfululizo na nyinginezo za kijeshi. Halafu katika mwaka 2015 Bunge letu likatunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka huo, ambayo ilifuta ile ya 1991. Mwaka uliofuata, 2016, wenye silaha wote walitakiwa wazipeleke zikahakikiwe, wakapewa muda hadi mwisho wa Juni.

Hebu fikirini habari ya mtu aliyepata leseni yake mwaka 1990. Mtu huyo amepita chini ya sheria tatu, naye hakuondoka nyumbani kwake hata siku moja. Yeye hakuhama, bali sheria ndiyo iliyohama. Kama hakuwa na mtu wa kumsomea matangazo, ameamka asubuhi moja akiwa nje ya sheria, na bunduki ni ile ile, na msumari iliotundikwa ni ule ule.

Na uzito wa jambo hili si mdogo. Kuwa na silaha bila leseni kumewekwa katika fungu la makosa ya uhujumu uchumi, na kwa marekebisho ya mwaka 2016 adhabu ya makosa hayo ni kifungo kisichopungua miaka 20 wala kuzidi miaka 30. Sheria hiyo haikusema "isipokuwa gobore." Gobore ni silaha, hata likiwa na kutu, na mahakama zetu zimekwisha kusikiliza mashauri mengi ya magobore, na watu wamefungwa kwa ajili yake.

Hapa hatuna budi kusahihisha kosa moja ambalo limeenea sana, zaidi kwa vijana wetu. Wao huona katika filamu za Marekani watu wakinunua bunduki dukani kama watu wanunuavyo sukari, wakadhani kuwa kushika silaha ni haki ya kila mwanadamu. Ni kweli kuwa katika Marekani Badiliko la Pili la Katiba yao, la mwaka 1791, lataja haki ya watu kuwa na silaha. Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ile iliamua katika mwaka 2008, katika shauri la Heller, kuwa haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja kwa ajili ya kujilinda nyumbani mwake, na katika mwaka 2022, katika shauri la Bruen, ikaipeleka hata nje ya nyumba. Lakini mahakama hiyo hiyo, katika shauri la Rahimi la mwaka 2024, ilikubali kuwa mtu aliyezuiwa na mahakama kwa sababu ya kuwatisha watu wa nyumbani mwake aweza kuondolewa silaha. Basi hata huko haki hiyo ina mipaka yake. Na kwetu sisi Katiba haitaji haki ya silaha hata kidogo. Atakayesimama mbele ya hakimu wa Tanzania akadai haki ya Mmarekani atachekwa, kisha atafungwa.

Je, mwenye silaha wa kwetu hana haki yoyote? La, anazo, tena si haba. Lakini haki zake hazimo katika chuma. Zimo katika hati na katika namna anavyotendewa. Nazo ndizo twapenda kuzieleza hapa, ili kila mwanachama azijue na aweze kuwaeleza wengine.

Haki ya kwanza ni kusikilizwa. Katiba yetu, katika ibara ya 13, kifungu kidogo cha 6, yasema kuwa wakati haki na wajibu wa mtu unapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na pia ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Neno hilo "chombo kingine chochote" ni neno kubwa, ndugu zetu. Maana yake ni kuwa afisi inayoamua habari ya leseni ya mtu yapasa imsikilize kwanza, wala haitoshi kumwambia "imekataliwa" na kumfungia dirisha.

Haki ya pili ni stakabadhi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai yaamuru kuwa askari akifanya upekuzi na kuchukua kitu chochote, lazima atoe hati ya kukiri kuwa amekichukua, yenye sahihi ya mwenye nyumba au jamaa yake, na ya mashahidi waliokuwapo. Sisi makarani twajua thamani ya stakabadhi. Bunduki iliyochukuliwa bila hati yaweza kubadilika njiani: moja ikawa mbili, gobore likawa bunduki nyingine, risasi tano zikawa hamsini. Hati ndiyo imlindayo mwenye nyumba, na pia ndiyo imlindayo askari mwaminifu asije akasingiziwa.

Haki ya tatu ni utaratibu wa mashtaka. Shauri la uhujumu uchumi haliwezi kusikilizwa ila kwa idhini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na mahakama za chini haziwezi kulisikiliza ila kwa hati yake. Mahakama ya Rufani imebatilisha hukumu nyingi kwa sababu hati hizo zilikosekana au zilikosewa. Hapo tena mwaona kuwa karatasi moja yaweza kuwa mlango wa gereza au mlango wa uhuru.

Haki ya nne ni kujilinda, na hii ndiyo inayokosewa zaidi. Kanuni ya Adhabu yampa kila mtu haki ya kujilinda nafsi yake, na kumlinda mwingine, na kulinda mali. Lakini yampa kwa kipimo. Nguvu atakayotumia iwe ni ile tu ya kadiri iliyo lazima kwa kujilinda, na mtu akizidisha nguvu hizo akaua, ana hatia ya kuua bila kukusudia. Kwa hiyo mwenye leseni asidhani kuwa leseni ni ruhusa ya kumpiga risasi mwizi wa kuku anayekimbia. Mwizi aliyekwisha kutupa kuku na kugeuza mgongo hamtishi mtu tena.

Sasa tutazame wajibu, kwa maana haki bila wajibu ni kama ndege mwenye bawa moja. Leseni ya silaha ni ya mtu aliyeandikwa jina lake. Haiazimwi, haiuzwi, wala hairithiwi kama shamba. Baba akifa, leseni yake hufa naye, ingawa bunduki yabaki. Mwana akiichukua na kuitundika chumbani mwake bila kwenda polisi, amechukua chuma bila hati, na chuma bila hati ndicho kosa lenyewe. Kadhalika mwenye silaha yapasa aiweke mahali salama, pasipofikiwa na watoto wala wezi, na ikipotea au ikiibiwa atoe habari polisi upesi. Bunduki iliyoibwa Jumatatu ikafanya uhalifu Jumatano, na mwenyewe akatoa habari Ijumaa, atakuwa na maswali mengi ya kujibu.

Turudi sasa kwa shangazi na gobore lililo darini. Tumjibu nini? Sisi twashauri hivi. Kwanza, mtu yeyote asiligusie kulitumia, wala kulisafisha, wala kulijaribu kama lingali likifanya kazi, kwa kuwa baruti ya zamani imekwisha kuwaumiza wengi. Pili, asilifunge katika kanga akapanda nalo basi kwenda mjini, maana akikamatwa njiani itakuwa vigumu kueleza kuwa alikuwa akienda kulisalimisha. Aende kwanza mtu bila silaha, pamoja na mtendaji wa kijiji au mzee mwingine wa kuaminika awe shahidi, hata kituo cha polisi, akatoe habari kuwa marehemu fulani ameacha silaha, nayo iko mahali fulani. Tatu, aombe maagizo: je, askari watakuja kuichukua, au ataileta yeye, na kwa hati gani? Nne, siku ya kuikabidhi apewe stakabadhi yenye tarehe, namna ya silaha, alama yake kama ipo, na jina na sahihi ya aliyeipokea. Tano, stakabadhi hiyo itiwe pamoja na cheti cha kifo na karatasi nyingine za mirathi, isitupwe. Na kama yuko mrithi atakaye kuimiliki, aombe leseni kwa jina lake mwenyewe, aingojee, wala asiishike silaha kabla ya kuipata. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kuwa silaha bila daftari humpoteza mwenyewe.

Tena kuna nyakati za msamaha, ambazo watu wengi huzisikia zikiisha kupita. Umoja wa Afrika ulikata shauri mwaka 2017 kuwa mwezi wa Septemba kila mwaka uwe mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha, na baadaye jambo hilo likaongezewa muda hata mwaka 2030. Kwetu, katika mwaka 2023, Serikali ilitoa muda wa miezi miwili, Septemba na Oktoba, ili mwenye silaha isiyo halali aisalimishe kwa hiari bila kushtakiwa. Hiyo ni rehema kubwa. Lakini rehema iliyobandikwa katika ubao wa matangazo wa mjini haimfikii mzee aliye mwendo wa siku nzima kutoka barabarani.

Nchi nyingine zimetufundisha jambo moja juu ya kubadili sheria. Uingereza, baada ya mtu mmoja kuwaua watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane mwezi wa Machi 1996, ilikataza karibu bastola zote za raia kwa sheria mbili za mwaka 1997. Watu waliokuwa nazo kwa halali walitakiwa wazitoe, nao walipewa muda, wakaonyeshwa mahali, wakalipwa fidia. Australia ilifanya vivyo hivyo kwa bunduki za namna fulani, baada ya watu 35 kuuawa huko Port Arthur mwezi wa Aprili 1996. Twaona basi kuwa Serikali yaweza kukigeuza kilichokuwa halali jana kiwe haramu leo, na mara nyingine yapasa ifanye hivyo kwa usalama wa wote. Lakini sheria ya haki hutoa kwanza mambo matatu, yaani muda wa kutosha, mahali panapofikika, na taarifa inayoeleweka. Na pale inapochukua mali iliyopatikana kwa halali, hutoa na malipo.

Kwa hiyo tuna maneno mawili ya kusema, moja kwa wakubwa na moja kwetu wenyewe.

Kwa wakubwa twasema, kwa adabu yote na bila kuficha, kuwa sheria yapasa ipambanue. Mtu aliyenunua bunduki ili aue tembo au anyang'anye wasafiri, na mjane aliyeachiwa gobore lenye kutu asilojua hata kulishika, si watu wa namna moja. Lakini wakihukumiwa wote wawili kwa kosa la uhujumu uchumi, kwa kawaida hakimu hana nafasi ya kushuka chini ya miaka 20. Sisi hatuteti wawindaji haramu. Twaomba tu kuwa hakimu apewe uwezo wa kutazama hali ya mtu na aina ya silaha, kama atazamavyo katika makosa mengine. Na twaomba kuwa yule ajaye mwenyewe kutoa habari, hata nje ya mwezi wa msamaha, apokewe kama mtu mwaminifu, kwa sababu siku mmoja atakapokamatwa kwa kuja mwenyewe, mia watarudi kuficha darini.

Na kwetu wenyewe twasema hivi. Ndugu makarani, ninyi ndio mlioketi penye dirisha. Mzee anayekuja na karatasi yake ya zamani iliyokunjwa mara nne, akauliza kama bado yafaa, asiambiwe "njoo kesho." Huenda muda wa uhakiki waisha kesho. Huenda ametembea toka alfajiri, na nauli ya kurudi tena hana. Mkimjibu vibaya kwa uvivu, mmemweka katika hatari asiyoijua, na siku atakapofungwa hapana atakayekumbuka jina la karani aliyemrudisha. Lakini yeye atalikumbuka, na dhamiri ya karani italikumbuka. Kama hujui jibu, sema kuwa hujui, kisha ukaulize, ndipo umjibu kwa maandishi.

Wala hatuna tena udhuru wa lugha. Kwa miaka mingi sheria ziliandikwa kwa Kiingereza, na mwananchi alitakiwa atii maneno asiyoyasoma. Mwaka 2021 Bunge lilikata shauri kuwa lugha ya sheria za nchi ni Kiswahili, na kazi ya kuzifasiri zile za zamani ikashikwa. Hilo ni jambo la furaha, lakini kitabu kikiwa kwa Kiswahili na kikakaa kabatini, hakina tofauti na kitabu cha Kiingereza. Kwa hiyo twatoa shauri kuwa kila tawi la Chama chetu, kabla ya mwezi wa Septemba kila mwaka, liwachague wanachama wawili au watatu wakaulize polisi matangazo ya mwaka ule juu ya silaha, wayanakili, kisha wayasome katika mikutano ya vijiji, misikitini na makanisani, kwa ruhusa ya wenyewe. Kazi hiyo haihitaji fedha, ila karatasi chache na sauti ya kusikika.

Wako watakaosema kuwa jambo hili ni la askari, wala si la Chama cha watumishi. Twawajibu kuwa askari hufika baada ya kosa, nasi twaweza kufika kabla yake. Chama chetu kilidai siku zote kuwa mtumishi asihukumiwe bila kuonyeshwa shtaka lake, wala asipunguziwe mshahara bila barua, wala asihamishwe bila taarifa. Hayo tuliyoyataka kwa nafsi zetu ndiyo tuwatakie jamaa zetu vijijini: wapate taarifa kabla ya adhabu, wapate hati kabla ya kunyang'anywa, na wasikilizwe kabla ya kuhukumiwa.

Basi, mwanachama usomaye haya, ukienda kwenu likizo mwaka huu, kabla hujauliza habari za mashamba na ng'ombe, uliza kwa upole kama liko gobore darini. Likiwapo, usicheke, wala usiseme halina neno. Chukua kalamu.